Barua Hazilali kwa Watu

Mtu akifa Bukavu anakuwa mwema siku hiyo hiyo, hata kabla ya jeneza kufika nyumbani. Nilikaa chini ya turubai kwenye kilio cha Papa Murhula, kule kwake Muhumba, nikisikiliza watu wakimpandishia sifa mmoja baada ya mwingine. Alikuwa baba wa wote. Alikuwa mkono wa wajane. Aliwafungulia vijana milango. Hapo kwenye milango nilipaliwa, na maman mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka kunipa pole, akidhani ni kilio kimenishika. Sikuwa nalia. Nilikuwa natafuna andazi. Sikuwahi kukataa chakula cha nyumba ile, hata katika mwaka ule ambao nyumba yenyewe ilikuwa inanila mimi.

Mtu mmoja mnene, mwenye upara, akavuta kiti cha plastiki akaketi kando yangu bila kuomba ruhusa. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Déo, fundi wa kompyuta wa nyumba ile wakati wa ujana wetu, na sikuwa nimemwona tangu siku aliyofukuzwa. Aliangalia jeneza, akaniangalia mimi. "Nabintu, na wewe ulikuya kumuzika, ao ulikuya kuhakikisha?" Nikamwambia nimekuja kwa yote mawili. Akacheka chini chini, akanyoosha mkono akachukua andazi langu la pili, na kwa kitendo hicho kidogo mwaka wote ukanirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka shuleni na diploma yangu ya ukatibu, na Papa Murhula alikuwa mtu mzima anayeuza kahawa Ulaya. Alikuwa ameanza kwa kununua kahawa soko la Mudaka, debe kwa debe, na hakuacha mtu yeyote asahau hilo. Biro zake, yaani ofisi, zilikuwa chini ya nyumba yake mwenyewe. Juu alilala, chini alifanya kazi, na katikati, kwenye baraza inayotazama ziwa, alitulisha. Jiko la zamani lilikuwa chumba cha kuonjea kahawa. Na chumba cha binti yake mkubwa, aliyeolewa Kinshasa, kilikuwa chumba cha seva, ama serveur kama tulivyoiita wote pale. Mapazia yalikuwa bado ya waridi. Kwenye kioo cha meza ya kujipambia kulikuwa bado na picha ya Bikira Maria iliyobandikwa na utepe, na mbele ya kioo hicho, mahali pa poda na mafuta, ilikaa kompyuta nyeusi inayovuma mchana kutwa. Kila barua pepe ya nyumba, inayoingia na inayotoka, ilipita humo na kubaki humo. Padri alikuwa ameletwa kuibariki. Déo alinisimulia kwamba siku hiyo aliifunika kwa mfuko wa plastiki kabla ya maji ya baraka kumwagwa, na patron, ndivyo tulivyomwita Papa Murhula kazini, akamkaripia kwa kukosa imani.

Ufunguo wa chumba hicho ulikuwa shingoni mwa Papa Murhula, kwenye kamba moja na msalaba wake. Asubuhi alishuka na kikombe chake, akajifungia humo, na alipotoka alitugawia barua zetu kwa mdomo: wewe watu wa Mombasa wanauliza meli, wewe benki inakutafuta. Tulijua kwamba amezisoma. Hatukuona ajabu. Kila mmoja wetu alikuwa na anwani yenye jina lake mbele na jina la nyumba nyuma, na tulitembea nayo kwa majivuno mjini Ibanda kana kwamba ni viatu vipya. Kwetu baba ndiye anayefungua mlango, na mgeni akibisha, mtoto haendi kuangalia ni nani. Nasema hivi ili nieleweke, si ili nimtetee.

Saa ya chakula ndiyo ilikuwa saa ya mahakama. Tulikaa meza moja, kuanzia patron hadi mlinzi, na Maman Béa mpishi alileta beseni la kunawia, kisha bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, visamaki vya ziwa letu, zilizokaangwa hadi kichwa kinavunjika kwa ulimi. Nimekula sehemu nyingi tangu wakati ule na sijaonja sambaza kama zile. Hilo nalo linaniudhi. Papa Murhula alikula taratibu, na katikati ya tonge alimchagua mtu. Alijua mama wa nani amelazwa, mume wa nani anakunywa, nani ameomba kazi mahali pengine. Aliyasema kwa sauti ya upole, akitabasamu, na sisi wengine tulicheka, kwa sababu aliyecheka siku hiyo hakuwa amechaguliwa.

Mimi hakunichagua kwa muda mrefu, kwa sababu ya ulimi wangu. Pua ya Papa Murhula ilikuwa imekufa kwa tumbaku, na muuza kahawa asiye na pua ni dereva kipofu. Siku moja aliniita jikoni nimshikie vijiko, nikaonja kwa utundu tu, nikamwambia kikombe cha tatu kina ladha ya kiazi kibichi. Ugonjwa huo wa kiazi unaijua kahawa ya nchi zetu za Maziwa Makuu kuliko kahawa yoyote: punje moja mbaya inaharibu kikombe kizima, na kwa macho huioni. Alimwita mzee mmoja wa ghalani anayejua, naye akathibitisha. Tangu siku hiyo nilikuwa katibu asubuhi na pua ya patron mchana. Hakuna mteja aliyeambiwa. Wageni wakija, mimi nilionja kwanza, nikanong'ona kwake, naye akatangaza.

Aliyegundua ni Madame Hilde, mnunuzi kutoka Ubelgiji, mwanamke mrefu mkavu aliyevaa buti za shambani hata mezani. Aliona midomo yangu ikitangulia ya patron. Siku ya kuondoka alinifuata kwenye ngazi, patron akiwa anamtafutia dereva wake, akaniambia kwa Kifaransa cha polepole kwamba kwao Antwerpen wanafundisha waonjaji kwa mwaka mzima, kwamba atanitafutia nafasi, na kwamba nikisema ndiyo, wao watashughulikia mengine yote. "Nitakuandikia," alisema. Akaitoa kadi yangu mfukoni, ile ya nyumba, akaigonga kwa kidole kwenye anwani. Nilitamani nafasi hiyo kama sijawahi kutamani kitu. Sikumwambia mtu ila Déo, kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda karibu na ile mashine.

Kumbe Déo alikuwa na vita yake. Umeme Muhumba, courant kama tulivyouita, ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kuzoeleka. Ukiondoka, mashine ilizimika ghafla, Déo akakimbia kuwasha groupe, yaani jenereta, na groupe ikakataa, na mafuta yakawa hayapo, na betri ya dharura ikalia mara mbili ikafa. Wakati huo wote, alinieleza, barua kutoka Ulaya zinabisha hodi na kukuta pamefungwa. Zinabisha tena na tena kwa siku kadhaa, kisha zinarudi zilikotoka. Alitaka patron aache kuweka seva nyumbani. Kulikuwa na watu ng'ambo, kazi yao ni kuhifadhi barua za wengine kwenye mashine zisizozimika. Unawalipa kwa mwaka, na kila mtu anafungua zake kwa neno lake la siri, mot de passe, hata akiwa cyber, hata akiwa Goma. Aliiandaa hotuba hiyo kwa majuma. Akaitoa mezani, maskini, mahali pabaya kuliko pote.

Papa Murhula alimsikiliza hadi mwisho. Alimega bugali, akaifinyanga, akaichovya.

"Déo, dada yako analalaka wapi?"

"Kwetu, patron."

"Ju ya nini halali kwa jirani? Jirani iko na courant."

Meza ilicheka. Déo alijaribu kucheka nayo. "Patron, dada yangu haiko e-mail."

"Ni vile vile. Kitu yangu inalala kwangu." Akatuzungushia macho wote, akaja kuyatua kwangu. "Batu bakikuya kuomba binti, nani anajibia? Binti? Binti iko ku cuisine na mama yake. Baba ndiye anajibia. Barua inaingia kwangu, mi naiona sura, najua kama iko mutu ao mwizi. Wewe unataka tuilaze kwa Bazungu tusiobajua. Ile iko malaya, haiko e-mail."

Kesi ikaisha hapo. Maman Béa akaleta ndizi. Na siwezi kudai kwamba niliona ubaya. Nimehudhuria posa nyingi, kabla na baada, na kila mara ni hivyo: wajumbe wa mume wanakaa sebuleni, mzee wa ukoo anawajibia kwa mafumbo, na msichana yuko nyuma ya pazia akisikia maisha yake yakipangwa na sauti ya mtu mwingine. Nilidhani patron anatoa mfano. Sikujua kwamba anaeleza utaratibu wa kazi.

Nikasubiri. Kahawa ya msimu ilikaushwa, ikatwangwa, ikafungwa magunia, na barua ya Madame Hilde haikuja. Asubuhi nilimwangalia patron akitoka kwenye chumba cha mapazia ya waridi, nikimsoma usoni kama anavyosomwa daktari. Watu wa Mombasa waliandika. Benki iliandika. Nilimuuliza Déo kila umeme uliporudi, naye akapiga magoti mbele ya Bikira Maria na nyaya zake, akasema labda ilikuja wakati wa giza ikarudi. Yeye aliruhusiwa kuwasha na kuzima, si kufungua visanduku vya watu. Nilianza kuuchukia umeme. Kisha, kwa kuwa umeme hauna uso, nikaanza kumchukia Déo.

Mwishowe nilijikaza nikauliza mezani, kwa adabu zote, kama papa hakuona barua yoyote yangu kutoka Ubelgiji. Patron aliweka chini samaki wake. Alionekana kuhuzunika kweli. "Mutoto wangu, mi ningeficha barua yako? Muulize Déo. Machine yake inakulaka ma-barua ya batoto ya batu." Akamwambia Déo asimame. Déo akasimama, mikono ina mafuta ya sambaza. "Omba dada yako pardon."

"Patron, mi nilisema tangu zamani, ile courant..."

"Pardon, Déo."

"Pardon, Nabintu," alisema Déo. Hakuniangalia mimi. Aliangalia ziwa.

"Muzuri. Sasa nawa mikono, na usirudi tena."

Maman Béa alimletea beseni, kwa kuwa ndivyo alivyofanya kwa kila mtu anayeondoka mezani, na Déo akanawa mbele yetu, kidole kwa kidole. Alipoteremka ngazi, patron alichukua samaki aliyebaki kwenye sahani yake akaniwekea mimi. "Kula, mutoto wangu. Umepoteza mingi." Nikala. Nilikuwa na hasira naye, na samaki alikuwa mtamu.

Kwa miaka yote iliyofuata nimekuwa nikiwaambia watu, hasa wanangu wakinichosha na simu zao, kwamba tungemsikiliza Déo maisha yangu yangekuwa mengine. Kwamba barua ingelala ng'ambo, mahali penye umeme, ningeifungua mwenyewe. Niliirudia hivyo hata pale kwenye kilio, padri akiwa amechelewa na kwaya ikipasha sauti. Déo siku hizi ana biro mjini Ibanda na kazi yake ni ile ile aliyofukuziwa: anazikodishia ofisi nafasi kwenye mashine za ng'ambo. Alinisikiliza akichokonoa meno.

"Nabintu, hata ingelala Ulaya, nani angelipa?"

"Yeye."

"Basi. Mwenye kulipa ndiye iko na mot de passe ya ma-mot de passe yote. Angefungua yako akiwa ku kitanda, bila kushuka ngazi."

Unaweza kuishi na jeraha miaka mingi, umelipangia sababu yake vizuri, halafu mtu mwenye upara anaiondoa hiyo sababu katikati ya kilio. "Sasa wewe ulikuwa unapigania nini?" nilimuuliza.

"Mugongo yangu," alisema Déo. "Ile groupe ilikuwa inavutwa na kamba."

Madame Hilde alirudi msimu uliofuata, baada ya Déo kufukuzwa, buti zile zile. Nilikuwa nimejiapiza sitamwuliza kitu. Kama alinisahau, na anisahau kwa amani. Tuliketi kwenye baraza, Maman Béa akiwa ametoa sahani za wageni. Madame alinipa mkono, akanitazama tumboni kwa tabasamu, kisha usoni, akaniuliza kwa Kifaransa mume wangu hajambo, na mtoto je, ni wa kike au wa kiume. Nilidhani Kifaransa changu kimenikimbia. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwambia mimi sina mume. Sasa yeye ndiye aliyedhani Kifaransa kimemkimbia. "Lakini uliniandikia wewe mwenyewe," alisema. "Kutoka anwani yako. Uliniandikia kwamba umeolewa, una mimba, na mumeo hakuruhusu. Niliisikitikia nafasi ile. Tulimpa kijana mmoja wa Uganda."

Hakuna aliyekuwa akitafuna. Nilimgeukia Papa Murhula nikitegemea kuona aibu, hata kidogo, hata ya uongo. Alikuwa anajimiminia maji.

"Nilisha kukujibia," aliniambia kwa Kiswahili, polepole, ili mgeni asishike. "Mutu anafukuzaka muchumba namna gani? Anasema binti iko na bwana. Haiko matusi. Iko heshima."

"Papa, Déo ulimufukuza ju ya ile barua."

"Déo nilimufukuza ju ya mudomo." Akanywa maji. "Na wewe ungeenda, nani angenionjea kahawa? Fikiria na mimi kidogo."

Kisha akasimama, akapiga makofi mawili kama kawaida yake, akamwambia Madame kwa Kifaransa kizuri kwamba wasichana wa siku hizi wanaolewa na kuachika kabla ya mvua kuisha, na wote waende kuonja. Madame alinitazama. Nilijua kwamba ananihesabu kama mwongo, na kwamba hana muda wa kujua zaidi. Hakuna kitu alichonifanyia Papa Murhula kilichoniuma kama macho yale ya mtu aliyewahi kuniamini.

Jikoni vikombe vilikuwa vimepangwa, mvuke ukipanda. Nilikuwa sijashika kijiko nikajua. Kilikuwa cha pili kutoka dirishani, harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa, inapiga puani kutoka mlangoni. Patron alisimama mahali pake, kulia kwangu, akainamisha sikio kama kawaida, akingoja ninong'one. Sikunong'ona. Akanigusa kiwiko. "Nabintu, niambie. Hii kahawa yetu iko namna gani?"

Nilikiweka kijiko chini.

"Unijibie, papa," nikasema, kwa sauti ya watu wote. "Unanijibiaka muzuri."

Alicheka kwanza. Kisha akaona kwamba sitakiokota. Madame alikuwa anangoja, kalamu mkononi, na watu wa ghala walikuwa wamejaa mlangoni. Papa Murhula alichukua kijiko changu, akakichovya kwenye kikombe cha kwanza, akavuta kwa kelele kama alivyotuona tukivuta, akatikisa kichwa. Akachovya cha pili. Alikivuta vizuri zaidi, akafumba macho. "Safi kabisa," alimwambia Madame. "Hii ndiyo bora." Madame akachovya baada yake. Akatema kwenye ndoo, akaomba maji, akasukutua, akatema tena. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia yeye, kwa muda mrefu, kama mtu anayekumbuka safari zote alizopanda ngazi zile na kununua kwa neno la mtu asiye na pua.

Sikungoja kuambiwa ninawe mikono. Nilichukua sweta yangu na kushuka Muhumba kwa mguu, jua likiwa bado kali, nikiwasalimu watu wa njiani vizuri tu. Kahawa sikuionja tena kwa kazi, si pale wala kwa mtu mwingine. Nyumba za kahawa za mji huu zilikuwa chache, na zote patron alikuwa amezijibia kuhusu mimi kabla ya juma kwisha. Antwerpen sijaiona. Mama alikuwa uani anachambua sombe. Aliinua kichwa akashangaa.

"Unarudi mapema hivi? Iko nini?"

"Niliachika, mama," nikamwambia.

Alidhani natania, akacheka hadi majani yakamwanguka mapajani. Nilichuchumaa kando yake, nikaanza kuyaokota.